Pale Bi Pindo Alipokuwa Akikata Uzi

Watoto thelathini na mmoja wakivua viatu kwa wakati mmoja, mlango haupitiki. Bi Pindo alikuwa na dawa yake. Viatu vyote vilitupwa kwenye beseni moja la plastiki lenye ufa, na wakati wa kutoka kila mtu alijitafutia. Ndiyo maana mtaani ilikuwa kawaida kumwona mtoto anarudi kwao na ndala mbili za kushoto, na mama yake wala haulizi. Anajua katoka chuoni, kusoma Kurani.

Chuo chenyewe kilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yake: mikeka mitatu, ndoo ya maji ya kunywa yenye kikombe kimoja, ubao mweusi ambao haukuandikwa kitu tangu marehemu mume wake aache kuuandika, na dirishani cherehani ya kukanyaga. Bi Pindo alikuwa fundi wa sare za shule. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Asubuhi alikata vitambaa na kuunganisha. Watoto wakija baada ya alasiri, alikuwa amebakiza kazi isiyohitaji macho, yaani kupiga pindo sketi za darasa la kwanza, zote kipimo kimoja. Alizipanga mafungu juu ya stuli, akakaa akiwapa watoto mgongo, akasema "Bismillahi," na mguu ukaanza. Watoto nao wakaanza.

Sketi moja ilikuwa mzunguko mmoja wa pindo. Ikiisha, mguu ulisimama, mkono ukachukua mkasi, uzi ukakatwa, sketi nyingine ikaingia. Ilikuwa hivyo kwa miaka ishirini na sita.

Masikio yake yalisifiwa mtaa mzima. Alikuwa hageuki, lakini katikati ya kelele za cherehani na za watoto, alimjua aliyekosea na mahali alipokaa.

"Wewe wa karibu na ndoo, hiyo herufi umeitoa puani. Ipeleke kooni inakokaa."

Kicheko kidogo kikitokea: "Na wewe unayecheka, mwenzio angalau kaitoa. Yako iko wapi?"

Aliyesinzia alirushiwa kigurudumu cha uzi kilichoisha, na Bi Pindo alirusha kwa nyuma, juu ya bega, na hakukosa. Wazazi walisema mtoto akipitia kwa Bi Pindo anashuka kama maji ya bomba. Yeye mwenyewe alifundishwa hivyohivyo na mama yake, kwa sikio, huku wakiosha vyombo. Maana ya aya hakuijua, wala hakuwahi kumdanganya mtu kwamba anaijua. Hakuna aliyemuuliza. Mmoja tu aliuliza, mtoto mmoja wa zamani aliyeitwa Mkia kwa sababu kila aya aliimaliza wa mwisho. Mkia aliuliza, "Mwalimu, hapa panasema nini?" na Bi Pindo akamrushia kigurudumu cha paji la uso, akamjibu bila kusimamisha mguu, "Wewe soma, maana utaikuta mbele." Mkia akasoma. Akakua, akawa fundi baiskeli, na imamu mzee alipoanza kuishiwa na masikio na miguu, Mkia ndiye aliyewekwa kusalisha magharibi.

Mambo yalianza kubadilika msikiti ulipojenga chumba cha chuo. Kilikuwa chumba hasa, chenye madirisha makubwa, ubao mweupe, na mabenchi mapya yanayonukia rangi. Mwenyekiti wa kamati, mwenye duka la magodoro, alizunguka nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba elimu ya dini ya watoto sasa inapanda daraja, na kwamba analetwa mwalimu aliyesomea kazi hiyo miaka miwili mizima.

Mwalimu huyo alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Bi Pindo. Binti mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akibeba kalamu zake za ubao ndani ya kisanduku cha sabuni. Watoto walimwita Mwalimu Mdogo siku hiyohiyo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko walikuwa wanawalisha chaki?"

"Walikuwa wanatulisha mitihani."

"Basi ungeshiba."

Wakacheka. Bi Pindo alikuwa amejiandaa kununa, na kweli wiki nzima alikuwa amenuna, lakini alipomwona binti ana kidevu kilekile cha kaka yake, manung'uniko yakakosa pa kukaa. Hata binti alipomwomba, "Shangazi, njoo ukae nami siku za mwanzo, watoto wamekuzoea," alikubali. Alihamia chumba kipya na juzuu yake, beseni la viatu, kiti chake cha plastiki, na mto wa kukalia. Cherehani ilibaki nyumbani.

Siku ya kwanza Mwenyekiti naye alikuja kutazama, akasimama mlangoni mikono nyuma.

"Leo sitafundisha kitu," Mwalimu Mdogo aliwaambia watoto. "Nataka niwasikie tu. Someni kama mnavyosoma kwa bibi."

Juzuu zikafunguliwa. Bi Pindo akasema "Bismillahi." Watoto wakafungua midomo, na kilichotoka hakikuwa kisomo anachokijua. Mmoja alitangulia, mwingine akabaki nyuma, watatu wakarudia neno moja, mmoja akanyamaza na kuanza kumtazama Bi Pindo usoni. Walikuwa kama watu wanaovuka barabara bila kushikana mikono. Bi Pindo alihisi shingo inapata moto. Akatoa macho. Haikusaidia kitu.

Ndipo kisigino cha Kifutio kikaanza.

Kifutio alikuwa mtoto wa miaka saba, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alitafuna vifutio vyote vya penseli, vyake na vya wenzake. Alikuwa amekaa benchi la mbele, miguu haifiki chini vizuri, na kisigino chake kikaanza kugonga ubao wa benchi: tak-tak-tak-tak. Jirani yake akadaka. Kisha benchi zima. Kisha chumba. Visigino thelathini na kimoja vikaenda pamoja, na sauti zikajikusanya, zikanyooka, zikakimbia. Zikafika mahali zikasimama zote kwa pamoja, pumzi ikavutwa mara moja, hup, na safari ikaendelea.

"Mashallah!" Mwenyekiti alipiga makofi. "Hata visigino vyao vinasoma!"

Bi Pindo akapumua. Lakini alipomtazama mtoto wa kaka yake, akakuta hacheki. Ameshika penseli, na kwenye juzuu yake anaweka alama ndogo, hapa moja, hapa moja.

Watoto walipotoka na Mwenyekiti akaenda zake, binti alikaa benchi la mbele, karibu na kiti cha shangazi yake.

"Shangazi, hapa mbona wanasimama?"

Bi Pindo aliangalia alama. "Pumzi fupi. Watoto wadogo hao."

"Wote pumzi inawaishia kwenye neno moja?"

"Wamezoeana."

Mwalimu Mdogo hakubisha. Nje, Kifutio alikuwa bado anachakura beseni la viatu. Akamwita. Mtoto akaja na ndala moja mguuni na nyingine mkononi.

"Hebu niambie. Mkifika hapa, kwa nini mnasimama?"

Kifutio alimtazama mwalimu, akamtazama bibi, kama mtu aliyeulizwa kwa nini kamasi zikitoka anafuta.

"Si ndipo bibi anapokata uzi."

Akaambiwa haya nenda, akaenda. Mwalimu Mdogo alisimama akaufuta ubao. Ubao ulikuwa mweupe, haukuandikwa kitu siku ile, lakini aliufuta pembe zote nne. Bi Pindo alimwona, akajua anapewa muda wa kurudisha uso wake mahali pake. Hilo lilimuuma kuliko kama angegombezwa.

"Na hapo," alisema mwishowe, na hili swali hakuwahi kulitoa kinywani maisha yake yote, "hapo panasema nini?"

Binti akageuka polepole. "Panasema watu wema watakuwa kwenye neema. Hapo kuna kituo. Halafu panasema: na waovu, watakuwa motoni. Sasa watoto wanakipita kituo mbio. Wanasema wema kwenye neema na waovu... ndipo wanavuta pumzi. Motoni inakuja baadaye, peke yake."

"Kwa hiyo waovu nimewaingiza peponi."

"Wamekaa na wema, shangazi." Binti alijizuia, akashindwa, mdomo ukacheza. "Moto umebaki hauna mtu."

Wakacheka wote wawili. Lakini kwa Bi Pindo kilitoka kicheko tu, uso haukukifuata.

Nyumbani aliutoa msahafu wa mama yake kabatini. Jalada lilikuwa limeshonwa upya kwa uzi wa sare, kazi ya mikono yake. Akatafuta ukurasa, akaweka kidole. Kiduara cha kituo kilikuwepo, kidogo kama kitundu cha kifungo, mahali pake, na kilikuwa hapo siku zote. Miaka mingapi hakuutazama ukurasa huu? Alikuwa akitazama dirisha. Akasema moyoni, sawa, watoto ni watoto, lakini mimi sijaharibika. Akasoma kwa sauti, peke yake, kidole juu ya herufi. Akafika kwenye kiduara, akakipita, akasema neno la mbele yake, na hapo akavuta pumzi.

Chini ya meza mguu wake wa kulia ulikuwa ukienda.

Siku hiyo aliifunika cherehani kwa kifuniko chake cha mbao, na sketi kumi na nne zikabaki juu ya stuli bila pindo.

Magharibi alikwenda msikitini, upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Alikwenda kama anavyokwenda kila siku, ila leo alikuwa na hofu, kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Mkia akasalisha. Rakaa ya kwanza ilipita salama. Rakaa ya pili akaanza sura ileile, kwa sauti nzuri, nzito, iliyotulia, na Bi Pindo akiwa amesimama na mikono kifuani akaanza kuyahesabu maneno. Usisimame hapo, alisema ndani yake. Pita tu. Kikohozi kikushike. Mkia akafika. Akasimama pale pale. Akavuta pumzi, na Bi Pindo akausikia mkasi wake kabisa, kac, ndani ya sala ya watu.

Baada ya salamu, jirani yake, mama mmoja muuza maziwa, alimgusa goti. "Leo kijana wako kasoma, jamani. Mpaka nywele zimesimama."

Kijana wako. Bi Pindo aliitikia kwa kichwa. Alirudi nyumbani akipita karibu na ukuta. Njia nzima aliwaona: huyu kwenye genge la mboga alipita kwake, huyu anayeita abiria alipita kwake, yule mama anayemvuta mtoto mkono alipita kwake na sasa anamfundisha mwanawe jioni. "Shikamoo mwalimu." "Shikamoo mwalimu." Kila shikamoo ilimfanya atazame chini. Zamani alizihesabu kama mtu anayehesabu vitu vyake. Leo alitamani wamsahau.

Sasa mtu atasema, si angesimama siku ya pili akasema basi. Aliwaza hivyo hivyo. Siku ya pili akasema kesho. Siku ya tatu Mwenyekiti alimpita njiani akamwita "hazina yetu", na kesho ikasogea tena.

Mwalimu Mdogo alikuwa ameshaanza kazi. Alikataza visigino. Watoto walikaa chini miguu imekunjwa, kila mmoja na kijiti cha kuonyeshea, na walisoma mmoja mmoja, herufi kwa herufi. Kwenye kituo walisimama, na kila aliyesimama aliulizwa, "Tumefika wapi?" naye alitakiwa aseme kwa maneno yake. Kifutio alisema, "Tumefika kwa watu wazuri, wabaya bado hawajaja." Mwalimu Mdogo alifurahi mpaka akaiandika sentensi hiyo ubaoni. Lakini kisomo kilikuwa polepole. Mtoto aliyekuwa akimaliza sura nzima kabla hujageuza chapati, sasa alikaa kwenye mstari mmoja dakika kumi, anakwama, anaanza upya.

Wazazi wakaanza minong'ono, na baada ya wiki tatu minong'ono ikawa kikao. Walikuja wanane, pamoja na Mwenyekiti. Mwalimu Mdogo alisimama mbele ya ubao, mikono imeshika kisanduku cha sabuni. Bi Pindo alikaa mlangoni, kwenye kiti chake cha plastiki.

"Mimi mwanangu alikuwa anashuka kama maji ya bomba," alisema baba mmoja. "Sasa anadondoka."

"Wangu nimemwambia asomee wageni, kaomba kijiti!"

"Na kusoma maana mtoto wa miaka saba, jamani, si kumchosha tu?"

Mwenyekiti alinyoosha mkono watulie. Akamgeukia Bi Pindo kwa sauti ya heshima. "Bi Pindo, wewe ndiye mama yao. Tuambie ukweli. Watoto hawa uliwaacha wanasoma, au hawasomi?"

Watu wote wakageuka mlangoni. Neno lilikuwepo. Alikuwa amelipanga siku nyingi, alilijua mwanzo na mwisho wake. Aliwatazama wale wanane, akaona watano kati yao ni wanafunzi wake wa zamani.

"Walikuwa wanasoma," alisema.

Basi. Mwalimu Mdogo alimtazama shangazi yake. Hakukasirika. Alisubiri kidogo, kama unavyomsubiri mtu aliyeingia ndani kuchukua kitu, na alipoona hakuna kinachotoka, aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akasema vizuri, wamesikia, siku ya kuzindua chumba kamati itatangaza uamuzi, na kila mtu alijua uamuzi wenyewe ni upi.

Walitembea kurudi nyumbani wawili, shangazi mbele, binti nyuma. Mlangoni Bi Pindo alishindwa kuingiza ufunguo.

"Kwa nini hukuwaambia?" aliuliza bila kugeuka. "Si unajua kila kitu. Si una alama zako kwenye juzuu."

"Si langu kulisema, shangazi."

"Watakufukuza."

"Najua." Binti alichukua ufunguo, akafungua, akampisha apite kwanza. Akaenda jikoni kubandika chai. Alimwekea shangazi yake sukari vijiko vitatu, kama anavyopenda, na Bi Pindo akainywa chai ile bila kumtazama.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi baada ya alasiri. Wanaume walikaa mabenchini, wanawake mikekani upande wa pili, watoto mbele wamevaa kofia safi na mitandio iliyopigwa pasi. Imamu mzee alikaa mstari wa kwanza na Mkia pembeni yake. Mbele ya ubao kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka, na Bi Pindo alikijua kabla hakijafunuliwa, kwa namna shuka lilivyoinuka upande mmoja kwenye gurudumu.

"Tumeiiba wakati unaoga!" Mwenyekiti alitangaza akivuta shuka, na watu wakapiga makofi. Cherehani yake ilikuwa imepakwa mafuta na kufutwa vumbi, na chini ya sindano mtu alikuwa ameweka moja ya zile sketi kumi na nne. "Tuliambiwa watoto hawa walisoma vizuri wakiwa na Bi Pindo na cherehani yake. Basi kuanzia Jumatatu, Bi Pindo anarudi, na cherehani yake hii hapa! Mwalimu Mdogo tunamshukuru sana, tutamwombea nafasi kwingine. Bi Pindo, hebu kanyaga. Tusikie watoto."

Mwalimu Mdogo alikuwa amesimama karibu na dirisha, kisanduku cha sabuni kimeshafungwa kwa mpira.

Bi Pindo alikaa. Aliwapa watu mgongo, kama siku zote, na kwa mara ya kwanza akafurahi kwamba hawamwoni uso. "Bismillahi," alisema. Mguu ukaanza.

Watoto walipasuka kama waliofunguliwa. Wiki tatu za vijiti zilisahaulika pale pale. Sauti thelathini na moja zilijaa chumba kipya mpaka madirisha yakaitika, na nyuma yake Bi Pindo aliwasikia wazazi wakiguna kwa raha. Kisomo kilikuwa kizuri. Hilo ndilo baya lake, kilikuwa kizuri hasa. Pindo lilizunguka, likafika mwisho, mguu ukasimama, mkono ukachukua mkasi bila kuagizwa. Kac. Hup, watoto wakavuta pumzi. Waovu wakakaa peponi, na chumba kizima kikasema mashallah.

Aliona mkasi umetulia mkononi mwake. Mle ndani, aliyejua zaidi yake alikuwa mmoja tu, na huyo amekwisha funga kisanduku chake.

Akaendelea kukanyaga. Watoto wakaendelea. Kisha katikati ya neno, si kwenye kituo wala kwenye pindo, akainua mguu.

Midomo thelathini na mmoja ikafunga, neno limekatika nusu. Akakanyaga, wakaendelea na ile nusu iliyobaki. Akainua, wakanyamaza. Watu wakaanza kucheka. Mwenyekiti akapiga paja: "Nidhamu hiyo!" Bi Pindo akakanyaga tena, akainua tena, na safari hii katika ule ukimya palisikika sauti moja ya mtu mzima ikikatika pamoja na watoto. Ilikuwa ya Mkia, aliyekuwa akifuatisha chinichini. Yeye mwenyewe aliisikia. Akaacha kutabasamu.

Bi Pindo akakigeuza kiti. Kilikwaruza sakafu mpya. Miaka ishirini na sita alikuwa hajawahi kuwafundisha watoto akiwatazama, na macho yote yale yalimchanganya, akaanzia katikati.

"Hawasomi. Wanafuata mguu wangu."

Akauinua mkasi waone.

"Pale wanapovuta pumzi hapana kituo. Pale mimi nilikuwa nakata uzi wa sketi. Mwaka huu na miaka yote. Na maana yake sikuijua, nimeambiwa juzi na huyu hapa. Aliyewaharibu watoto ni mimi, siyo yeye. Mlipomlaumu nilikuwa pale mlangoni nimekaa. Mliniuliza. Nikawadanganya."

"Mwalimu," Mkia alisema taratibu. "Hata mimi?"

"Hata wewe, baba. Wewe zaidi, maana una watu nyuma yako." Akauweka mkasi chini. "Uliniuliza ukiwa mdogo. Nikakurushia kigurudumu."

Mkia aligusa paji la uso, kama kile kigurudumu kingali kinauma.

Imamu mzee alikuwa akitazama huku na huku. "Anasema nini?" aliuliza. Hakuna aliyetaka kumjibu, akauliza tena kwa nguvu, ikabidi mtu ainame sikioni kwake apige kelele, na chumba kizima kikasikia upya: "ANASEMA WATOTO WAMEJIFUNZA KWA CHEREHANI! WANASIMAMA ANAPOKATA UZI!"

Bi Pindo alitazama viatu vyake.

Mzee alitafakari. "Basi si wasome upya?" alisema, kama mtu aliyeambiwa chai imemwagika. "Mwalimu si yupo? Yule pale dirishani."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyekuja kumwambia Bi Pindo usijali. Mwenyekiti alilichukua shuka, akaifunika cherehani pole pole, pembe kwa pembe, na alipopita karibu naye hakumwita hazina. Yule mama muuza maziwa aliondoka bila kuaga. Mwalimu Mdogo tu ndiye aliyekuja, akainama, akakwangua kwa kucha kipande cha uzi kilichonata kwenye gauni la shangazi yake, akabaki amekishika.

Jumatatu Bi Pindo alivua viatu vyake akavitupa kwenye beseni pamoja na vya wengine. Alikaa nyuma kabisa, chini, kando ya Kifutio, na akapewa kijiti. Watoto walimtazama sana mwanzo, kisha wakachoka kumtazama. Katikati ya somo mlango ulitia giza: Mkia, vidole vyeusi kwa grisi ya minyororo, kofia mkononi.

"Nimechelewa, mwalimu."

"Kaa pale karibu na bibi," alisema Mwalimu Mdogo.

Mkia akakunja miguu yake mirefu, magoti yakampita masikio, na mstari wa mbele ukaziba midomo kwa mikono. Bi Pindo hakuinua macho. Mkia naye hakumtazama. Alisogeza juzuu ya Bi Pindo kidogo upande wake ili wasome pamoja, kwa kuwa yeye alikuwa hana.

Zamu ikazunguka. Ikafika kwa Bi Pindo. Aliweka kijiti chini ya herufi ya kwanza, na sauti yake, ile iliyotisha watoto kwa miaka ishirini na sita, ilitoka nyembamba kama ya mgonjwa. Alisoma polepole. Alikiona kiduara kinakuja. Akakifikia, akasimama.

"Tumefika wapi?" aliuliza Mwalimu Mdogo.

"Kwa watu wema," alisema Bi Pindo. "Waovu bado."

"Endelea."

Akaendelea. Na hapo mkono mdogo, wenye vumbi la kifutio kwenye kucha, ukatua juu ya goti lake la kulia.

"Bibi," Kifutio alinong'ona. "Mguu."

Bi Pindo akaukunja mguu, akaukalia, akaanza aya upya.